Kama ni plebaki, watu waambiwe mbele ya kulipa

Katika miji ya Kivu, mara nyingi mwanamuziki anapanda jukwaani akiwa na mikro tu. Gita, ngoma na pengine hata sauti yake vinatoka kwenye flashi. Hilo peke yake si kosa: orkestra inaomba vyombo, mazoezi na umeme, na vijana wengi hawana uwezo huo.

Kosa ni tangazo kusema muziki utapigwa palepale, watu walipe, kisha watazame midomo inayofuata sauti iliyorekodiwa.

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa binadamu mwaka 2021, ina sebene. Hapo mpiga gita akiona watu wanacheza vizuri, anairefusha. Atalaku naye anaita majina ya waliopo. Flashi haimuoni mama aliyekimbia vita, wala haiwezi kutaja jina la kijiji alichoacha.

Basi waandaaji waandike wazi kwenye tangazo: orkestra ao plebaki. Atakayependa plebaki ataingia tu. Lakini mhami anayetoa franka zake chache ana haki ya kujua analipia nini.