Hiyo 300 ni namba ama ni maandishi?

Wewe mwenye kibanda cha nyama choma hapa Kikopey, tuseme kijana amekuandikia programu ya hesabu kwa JavaScript. Mauzo yamefika 1200, mteja analipa 300 kwa till, unaangalia simu: 1200300! Hujatajirika, boss. Ile 300 iliingia kutoka nje kama maandishi, na JavaScript haikuuliza, ikaibandika tu mbele ya 1200. Python ingegoma. PHP ingetoa 1500, lakini ikipewa "1,200" yenye koma inasoma 1 pekee.

Mimi nasema kila kiasi kikaguliwe mlangoni, kabla hakijagusa hesabu, hata kama ujumbe umetoka kwetu. Si namba? Ni chini ya shilingi moja? Programu ikatae na ikwambie. (Namba ya simu ni kinyume: iache maandishi, la sivyo sufuri ya mbele inapotea.)

Kijana atasema, "Si nimeweka Number()?" Muulize ikipewa maandishi matupu inarudisha nini. Inarudisha 0. Yaani oda ya kilo mbili inaandikwa imelipwa shilingi sufuri, programu inanyamaza, na mteja ameshapanda matatu ya Nakuru.