NYUMBA YETU: "Hili Si Doa, Mama"

Kuna kisa ambacho kwa miaka mingi sikupenda kukisimulia. Tulipohamia nyumba tuliyomo, mume wangu alininunulia bamba la marumaru nyeupe la kuweka juu ya meza ya jikoni. Nililionea fahari sana. Haukupita mwezi nikaona alama za duara zisizong'aa, kama mtu aliyetua gilasi zenye maji akazisahau. Nikamwita msichana aliyekuwa akinisaidia kazi, nikamwambia asugue. Akasugua kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa waya wa kusugulia sufuria. Alama zikazidi. Nikamkemea kwamba ni mvivu, na siku ya tatu nikamwambia nitamkata mshahara. Alilia, lakini hakujibu neno.

Juma lile lile alikuja mzee mmoja, fundi wa mawe, kutazama ngazi yetu ya mlangoni iliyopasuka. Alipopita jikoni kunawa mikono alipapasa meza kwa kidole, akaniuliza, "Mama, ni nani hukamulia ndimu hapa?"

Nilikuwa mimi. Ndimu ya samaki, ndimu ya kachumbari, kila jioni, na maganda nayaacha pale pale.

"Basi hili si doa, mama. Jiwe limelika."

Mshahara nilimlipa wote, na radhi nilimwomba mbele ya watoto, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomkemea.

Maneno ya yule mzee yalikuwa kweli. Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa ardhini, na asidi huila chokaa. Ndimu, limau, siki, ukwaju, nyanya, maziwa ya mgando, hata soda ya chupa, vyote vina asidi. Dakika chache zatosha kuondoa mng'ao. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, nacho chaweza kutolewa. Alama ya asidi ni jiwe lenyewe lililopungua, wala hakuna sabuni itakayolirudisha.

Kwa hiyo kwanza ujue una jiwe gani. Jina lisikudanganye, maana siku hizi vigae vya kawaida vya kiwandani navyo huitwa marumaru, navyo havidhuriki na ndimu. Tafuta pembe iliyofichika, dondosha tone moja la ndimu, ngoja dakika tano, ufute. Pakififia au pakitoa povu, hilo ni jiwe la chokaa: marumaru halisi, kama ile inayochimbwa Kajiado, au jamaa yake. Pasipobadilika, huenda ni graniti, jiwe gumu lenye chembe za rangi mbalimbali. Sakafu ya terazo iweke pamoja na marumaru, kwa kuwa saruji yake huliwa na asidi, na vijiwe vyake mara nyingi ni vya marumaru. Mawe ya Mazeras ya uani ni mawe ya mchanga. Hayo yatosheni maji na brashi, hasa kivulini yanapoota ukungu wa kijani.

Usafi wa kila siku ni rahisi kuliko tunavyodhani: maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, suuza, kausha. Waya wa sufuria hukwaruza marumaru, na vipande vyake vikibaki hushika kutu. Mchanga wa viatuni nao ni adui, kwani chembe zake ni ngumu kuliko marumaru. Weka kifuta miguu mlangoni.

Ile asidi kali ya chooni isiguse mawe yako. Na ndugu yangu, usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha si mahali pa kujaribu.

Sasa matengenezo. Doa la mafuta, lile linalofanya jiwe lionekane limelowa, hutolewa kwa kulivuta juu. Chukua soda ya kuokea keki (si bekingi pauda, kwa sababu ile ina asidi ndani yake), ikoroge na maji kidogo iwe nzito kama siagi. Paka unene wa nusu sentimita, funika kwa nailoni, bandika kingo kwa utepe. Iache saa 24, ondoa nailoni, ngoja ikauke kabisa, kisha ikwangue kwa mwiko wa mti. Doa la zamani huhitaji kurudia mara mbili au tatu, usikate tamaa.

Alama ya asidi isiyo na kina hung'arishwa kwa poda ya kung'arishia marumaru, iuzwayo na wauza mawe. Lowesha kitambaa, sugua kwa mizunguko dakika chache, futa, tazama, rudia. Anzia pembeni kwanza. Ukipitisha ukucha ukakwama, mwite fundi mwenye mashine, maana msasa mikononi mwa asiyezoea huacha bonde.

Pembe ikimeguka, gundi ya epoksi ya mirija miwili iliyochanganywa na vumbi la jiwe la rangi ile ile huziba vizuri. Jaza kupita kiasi kidogo, iache igande siku nzima, halafu ipunguze kwa wembe.

Je, upake dawa ya kuziba vinyweleo? Mwaga maji kidogo juu ya jiwe, ngoja robo saa. Jiwe likiwa jeusi pale, linakunywa, lipake. Lakini muuzaji akikuambia kwamba dawa hiyo itazuia ndimu, usimwamini. Huchelewesha mafuta na chai kuingia. Asidi huila marumaru vile vile.

Meza yangu tuliing'arisha wawili, mimi na yule msichana, jioni tatu mfululizo. Alama moja karibu na ukuta ilikuwa na kina, ingali pale. Ndimu tunakamulia kwenye sinki.