Kiswahili kisisahaulike katika masomo ya nyumbani

Baadhi ya wazazi wa Kenya wanaosomesha watoto nyumbani hutumia mitaala ya kigeni, na Kiswahili hubaki cha kuokoteza. Hilo halifai. Katiba ya 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi; mtoto ana haki ya kukimudu.

Wala mzazi asitishwe na ngeli. Majedwali ya A-WA na KI-VI yasubiri. Mtoto asomewe hadithi, aisimulie kwa maneno yake, kisha ageuze umoja kuwa wingi: kiti hiki kimevunjika, viti hivi vimevunjika. Sikio likishazoea upatanisho huo, kanuni huingia bila machozi. Imla fupi ifuate. Mzazi asiyejiamini amwombe mwalimu jirani msaada sasa, asingoje mtihani ubishe hodi.