Shelisheli na watoto: ulizia boti kwanza

Mama mmoja ameniuliza kama awapeleke wanawe Shelisheli likizo ya Juni, kwa safari ya kuongozwa. Mpeleke, lakini kabla hujalipa, ulizia boti. Wakala atakuonyesha picha za ufukwe. Bahari ya kusi hatakuonyesha. Kutoka Mahé hadi Praslin ni kama saa moja, na kuanzia Mei mpaka Oktoba mawimbi huwa makali.

Wangu alitapika njia nzima. Kiongozi alikuwa gatini, anatazama saa, tukapelekwa moja kwa moja Vallée de Mai. Msitu ule una coco de mer, mnazi wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Mtoto hakuiona, alilala begani kwa baba yake.

Aprili bahari hutulia. Ikibidi Juni, omba ndege ndogo, ni dakika 15 hivi, au siku ya kupumzika kabla ya matembezi. Na wakala aandike kama nauli ya boti na kiingilio cha msitu vimo kwenye bei. Sisi tulilipia vyote upya, palepale mlangoni, watoto wakitutazama.