Mzamiaji Mwenye Kibali

Neno "mzamiaji" lina maana mbili katika miji ya pwani. Kwanza, ni mtu ajuaye kwenda chini ya maji na kurudi juu salama. Pili, ni yule ajifichaye ndani ya meli ili afike ughaibuni bila tikiti wala pasipoti. Kijana wa Juba atakaye kuishi kwa kazi ya maana ya kwanza yampasa kujihadhari asije akaangukia katika ile ya pili, kwani umbali baina ya hizo mbili ni mdogo kuliko wanavyodhani wazazi wengi.

Huenda msomaji akashangaa shauku hiyo imetoka wapi, maana Juba haina bahari. Ina Nile Nyeupe, na hapo maji ni ya matope, mkondo wake ni mkali, na mamba hawajauhama mto. Hapana mwalimu mwenye akili timamu atakayemzamisha mwanafunzi wake wa kwanza mahali ambapo haoni hata kiganja cha mkono wake. Lakini vijana wengi wa Juba hawakukulia Juba. Walilelewa ukimbizini, Uganda na Kenya, mathalani katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992. Huko walijifunza Kiswahili, na baadhi yao walifika Mombasa, Diani na Watamu, wakaona watu wakiingia baharini na mitungi mgongoni na kulipwa kwa kufanya hivyo. Kijana wa namna hiyo arudipo nyumbani kwa baba yake askari na kusema anataka kuwa mwalimu wa uzamiaji, haoti ndoto. Ataja kazi aliyoiona kwa macho.

Ipo pia habari ambayo wazee wa Juba wangeweza kuwakumbusha vijana wao. Mwaka 1963 Mfaransa Jacques-Yves Cousteau alijenga nyumba chini ya maji katika miamba ya Sha'ab Rumi, karibu na Port Sudan, na watu wake wakakaa humo takriban mwezi mzima, meta 10 chini ya uso wa bahari. Mpaka tarehe 9 Julai 2011 mwenyeji wa Juba alikuwa raia wa nchi yenye bahari hiyo. Siku ile Sudan Kusini ilipopata uhuru, pwani ikabaki kwa jirani, na vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 vikazidi kuuziba mlango huo. Kwa hiyo macho sasa yaelekea Kenya na Zanzibar.

Yafaa kwanza kuijua ngazi yenyewe. Chama cha PADI, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966, ndicho ambacho vyeti vyake hujulikana zaidi katika hoteli za pwani, ingawa si peke yake. Mwanafunzi wa mwanzo huruhusiwa kufika meta 18. Baada ya hapo huja daraja la juu zaidi, kisha mafunzo ya uokoaji, kisha daraja la kiongozi wa wazamiaji, ambalo haliwezi kukamilika kabla ya mtu kuzamia mara 60. Ndipo ualimu. Atakaye kuufanyia mtihani sharti awe ametimiza umri wa miaka 18, awe amezamia si chini ya mara 100, na awe na cheti cha daktari kilichotolewa katika miezi 12 iliyopita. Tena anayemtahini si yule aliyemfundisha, jambo ambalo ni jema. Akishafaulu hulipa ada kila mwaka. Asipolipa, cheti hubaki ukutani lakini ruhusa ya kufundisha hana.

Kila hatua katika hizo hulipiwa, na aghalabu kwa fedha za kigeni. Hapa ndipo nyumba ya askari inapotikisika. Mwaka 2024, bomba la mafuta lipitalo Sudan lilipopasuka na mapato ya Serikali kuanguka, askari na watumishi wengi wa Sudan Kusini walikaa miezi mingi bila mshahara. Mama aliyelisha watoto kwa kuuza chai sokoni Konyokonyo ana haki ya kuuliza, kabla ng'ombe hajauzwa, je, mwanangu akishapata cheti, ni sheria gani itakayomruhusu kukitumia?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo, na wengi huliuliza wakati fedha zimekwisha kuliwa. Sudan Kusini ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016. Wapo wanaodhani kwamba tangu siku hiyo mtu wa Juba aweza kufanya kazi Mombasa kama afanyavyo mtu wa Voi. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kila nchi iliorodhesha aina za wafanyakazi itakaowafungulia mlango, na kibali cha kazi hakikufutwa. Muhuri anaogongewa msafiri mpakani ni wa kuingia na kutembea. Asimamapo ufukweni na kuanza kupokea ujira, muhuri huo haumkingi tena.

Nchini Kenya, kibali cha kuajiriwa huombwa kwa msaada wa mwajiri, naye hutakiwa kueleza kwa nini hakumpata Mkenya wa kuifanya kazi hiyo. Tanzania Bara yahitaji hati mbili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi cha daraja B kutoka Uhamiaji. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005, na hutoa vibali vyake vya kazi yenyewe. Mwenye kibali cha kazi cha Dar es Salaam asidhani kitamfaa Nungwi.

Ni haki kusema wazi kwamba mlango ni mwembamba. Vijana wa Nungwi na Diani wamezaliwa na maji, na wengi wao wana vyeti hivyo hivyo. Mwajiri atamchagua mgeni akiwa na kitu cha ziada, na kwa kijana wa Juba kitu hicho huenda ni lugha: Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu kwa kinywa kimoja. Akiongeza Kijerumani au Kitaliano, ambacho husikika sana Watamu, barua yake itasomwa mpaka mwisho.

Mtego mkubwa huja kwa sura ya ukarimu. Mwenye kituo humwambia kijana, "Njoo kwanza, utafanya kazi huku ukisoma, chakula na kitanda vipo, kibali tutakishughulikia baadaye." Miezi sita hupita akibeba mitungi na kuosha mavazi ya wageni. Kwa sheria, kutopokea mshahara hakumaanishi kwamba hakufanya kazi. Maofisa wa Uhamiaji wafikapo, anayepelekwa kituoni ni yeye, na faini, kifungo au kufukuzwa nchini ni juu yake, na katika maombi yote ya baadaye ataulizwa kama amewahi kufukuzwa mahali. Basi mkataba wa maandishi utangulie, kibali kifuate, na safari ya kwenda kazini iwe ya mwisho.

Mkataba nao usomwe polepole. Walimu wengi wa uzamiaji hulipwa kwa hesabu ya wanafunzi, wala si kwa mwezi. Upepo wa kusi uanzapo kuvuma, hasa kati ya Mei na Julai, bahari ya Kenya huchafuka na vituo vingi hupunguza kazi au hufunga kabisa. Mkataba usiosema lolote juu ya miezi hiyo umeacha nje robo ya mwaka, na ndiyo robo ambayo nyumbani Juba wataandika kuomba fedha.

Kwa aliye bado ndani ya sare, askari wa jeshi au polisi, lipo sharti moja zaidi. Likizo si ruhusa ya kuajiriwa nje. Apate kwanza hati ya kuachishwa kazi iliyotiwa sahihi na wakubwa wake, kwani asiyekuwa nayo ataitwa mtoro nyumbani hata kama Zanzibar anaitwa mwalimu. Nakala ya hati hiyo, pamoja na nakala za pasipoti, mkataba na kibali, na anwani ya mwajiri, ziachwe kwa mke au mama, ndani ya sanduku lisilofikiwa na mvua.