Mgeni Njoo, Mwenyeji Ahame

Kuna ahadi moja inanikera kila ninapoikuta kwenye matangazo ya nyumba za likizo: eti ukikodi nyumba hiyo utaishi kama mwenyeji. Kama mwenyeji gani, jamani, wakati mwenyeji ndiye aliyeondoka ili wewe upate kitanda?

Chukua mji wa Brugge, mji wa kale wa Waflemi kule Ubelgiji. Matangazo yake yanafanana kama mapacha. Nyumba ya matofali ya karne ya 17, dari ya boriti nyeusi, mfereji chini ya dirisha, chokoleti mezani. Ufunguo uko kwenye kisanduku ukutani. Unabonyeza namba, unaingia. Hakuna wa kukukaribisha wala wa kumuaga. Eti huo nao ni ukarimu!

Waswahili tulishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina watu wawili. Mwondoe mmoja, inabaki biashara tupu. Na ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Kwenye nyumba ya likizo siku ya jembe haifiki. Huyu akifunga begi, mwingine anafungua lake. Sasa nani atahudhuria mkutano wa mtaa? Nani atamjulia hali bibi wa nyumba ya pili akiugua? Nani atapiga kelele duka la mkate likigeuzwa duka la vikumbusho?

Tazama hesabu. Brugge nzima ina watu kama 120,000, lakini ndani ya mji wa kale, ambao wenyewe huuita yai kwa sababu ya umbo lake, wanaishi chini ya 20,000. Mwaka 2018 mji huo ulipokea wageni zaidi ya milioni 8. Hao ni wageni 400 na ushee kwa kila mkazi mmoja wa yai! Wengi wao huja asubuhi na kuondoka jioni, ni kweli. Lakini wa jioni hachukui nyumba ya mtu. Wa kisanduku anaichukua.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Uzuri wa Brugge uliokolewa na umaskini. Mkono wa bahari uitwao Zwin ulipojaa mchanga, biashara ikahamia Antwerpen, na mji ukadorora kwa karne kadhaa. Pesa za kubomoa na kujenga upya hazikuwapo. Katika karne ya 19 waliokaa ndani ya yai walikuwa, kwa sehemu kubwa, maskini, wakiwemo maelfu ya wanawake waliofuma lesi kwa ujira mdogo. Leo nyumba zimekuwa lulu, na mtu wa kipato cha kawaida anaambiwa akatafute pa kukaa nje ya yai. Hiyo ni haki?

Najua jibu la wenye nyumba: "Mali ni yangu." Sawa, kuta ni zako. Lakini unachouza si kuta. Unauza kengele za mnara, mifereji, barabara ya mawe inayofagiwa kwa kodi za wote, na jirani anayemwagilia maua dirishani. Hivyo umevijenga wewe? Watasema pia kwamba pesa ya mgeni ndiyo inayokarabati paa la kale. Basi na apangishwe mkazi, na serikali isaidie ukarabati, maana urithi ni wa wote.

Wala sisemi mgeni afukuzwe. Hoteli inaajiri watu na inajulikana ilipo. Chumba cha kukodi ndani ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi ni jambo jema kabisa. Hapo mwenyeji anapona. Ninachokipinga ni nyumba nzima isiyo na mwenyewe. Brugge imeliona hilo: miaka ya 1990 ilizuia hoteli mpya katikati ya mji, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikazuia nyumba za makazi kugeuzwa za likizo. Wapo wanaouita uamuzi huo udikteta. Mie nauita akili. Tena mji huo huo una godshuizen, vijumba vyeupe ambavyo matajiri na vyama vya mafundi walianza kuwajengea wazee na maskini tangu karne ya 14. Vingi hadi leo vinakaliwa na wazee. Kumbe inawezekana nyumba ya kale ikabaki ya mtu wa kawaida!

Kwa nini nahangaika na Ubelgiji? Kwa sababu Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2000, mwaka ule ule na Brugge. Lamu ikafuata 2001. Orodha inalinda milango na kuta, haimlindi mpangaji. Nakshi ya mlango itabaki, lakini nani atakaa barazani?

Kwa hiyo wewe msomaji unayepanga safari, kabla ya kulipia nyumba nzuri katika mji wa kale, uliza swali moja tu: anayeishi hapa ni nani? Ukijibiwa "hakuna mtu, utakuwa na uhuru wako," utaingia?