Fundi Rangi Naye ni Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi, tunapodai haki kiwandani na shambani, tutazame pia nyumbani kwetu. Kule Kimisagara, mjini Kigali, nyumba nyingi za matofali ya udongo zimepanda mlimani, paa la moja likiwa chini ya mlango wa nyingine. Mvua ikinyesha, ukuta hunyonya maji kutoka chini. Mwenye nyumba, mara nyingi kibarua mwenzetu, anataka rangi ing'ae kabla ya sikukuu. Fundi humwambia angoje lipu mpya ikauke, yapata wiki nne. Haambiliki! Rangi ikibambuka, lawama ni za fundi, na ujira wake unazuiwa.

Huu ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji mwenyewe anavaa ovaroli. Fundi amekwisha piga msasa, amemeza vumbi, amesimama juu ya ngazi kutwa nzima. Sheria ya Kazi ya Rwanda Na. 66 ya mwaka 2018 inamhesabu hata mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika haki ya mshahara, usalama kazini na kuunda chama. Basi kabla ya kopo kufunguliwa, patanene bei, siku za kazi, na nani atanunua rangi. Yaandikeni, japo kwenye karatasi ya daftari. Na fundi akisema ukuta bado mbichi, mwacheni asubiri.